Mpira wa Papai na Jina la Ami Seif

Kwanza kabisa, vijana wangu wa mazoezi ya Ijumaa, acheni kuuita papai. Nimekuombeni kwa upole, nimekuombeni kwa ukali, na sasa nakuandikieni, labda mtu akiandikiwa atasoma mistari miwili mitatu baina ya video moja na nyingine. Ule ni mpira. Ni wa ngozi, una ncha mbili, na kwa miaka kumi na moja ndio ulionilisha mimi na mke wangu na watoto. Papai linaliwa asubuhi kwa ndimu, basi.

Pili, sikucheza ragbi. Siwezi kusimama kutia petroli hapa Ibra, kwetu Oman, bila ya kutokea mtu akanitambulisha kwa mwenziwe. "Huyu ndiye Nassor, aliyekuwa akicheza ragbi Australia." Namwambia si ragbi. "Ee, ile ya Wamarekani, ya makofia ya chuma." Namwambia si ya Wamarekani, na makofia hatuvai. "Sasa ipi?" Nikifungua mdomo nieleze, petroli imejaa, keshaondoka.

Kwa hivyo naeleza mara moja: ni futboli ya Kiaustralia, na atakayeniuliza tena nitamwambia nilikuwa nacheza karata. Uwanja wake ni mviringo mrefu, mfano wa sahani ya samaki, na kila upande una watu kumi na wanane. Unapiga mpira kwa mguu, unaudaka kwa mikono, unakimbia nao, ila kila baada ya hatua kadhaa uudundishe chini. Ukitaka kumpa mwenzako kwa mkono huruhusiwi kuurusha: unauweka kwenye kiganja kimoja na unaupiga ngumi kwa mkono wa pili. Kila mwisho wa uwanja pana milingoti minne. Ukiupitisha kwa mguu baina ya miwili ya kati, pointi sita. Ukipita pembeni, pointi moja, ambayo mimi naiita pointi ya pole. Na ukiudaka uliopigwa kutoka mbali kabla haujagusa chini, hapana wa kukugusa, unapewa nafasi upige kwa raha zako. Kazi yangu mimi ilikuwa kusimama katikati. Refa anaudundisha mpira chini kwa nguvu, unapaa juu, na watu wawili warefu kuliko wote wanaurukia kwa magoti na viwiko. Khalas.

Swali lenu la tatu ni vipi nilifika huko, na jawabu lake hamlipendi kwa kuwa halina muujiza. Nilikwenda Melbourne kusomea uhandisi wa maji. Nilikuwa na urefu wa karibu mita mbili, na jioni nikicheza basketi kwenye ukumbi wa chuo. Siku moja mzee mmoja mwenye filimbi shingoni, mtu wa klabu ya mchezo huu, akaniuliza kama naweza kuruka. Nikaruka. Nikakaa misimu miwili kwenye timu ya akiba kabla ya kuonyeshwa kwa watu. Mechi yangu ya kwanza niliurusha mpira kwa mkono mara tatu, kama basketi, tukaadhibiwa mara tatu, na kocha akanitoa na kunipa mfuko wa barafu niushike, ingawa hapakuwa na pahala panaponiuma. Alisema nikae nao nipate kitu cha kufanya. Nyinyi mnataka niseme niliota ndoto utotoni. Utotoni nilikuwa sijui kwamba mchezo huo upo duniani.

Sasa nikutajieni mtu ambaye bila yeye haya yote hayana maana. Baba yangu alifariki nikiwa na miaka sita. Aliyenilea ni mdogo wake, Ami Seif, mzaliwa wa Malindi ya Unguja mjini, aliyekuja Oman akiwa kijana na akafanya kazi serikalini mpaka akastaafu. Kustaafu kwa kweli, si kama kwangu mimi, maana nilipomwambia kwamba nimestaafu na nina miaka thelathini na tatu alinitazama ndevu akasema hajapata kuona mstaafu asiye na mvi hata moja. Nilipotaka kuingia kwenye mchezo, yeye ndiye niliyempigia simu kuomba ruhusa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Kacheze, maadamu ni kazi ya halali. Lakini nnakwambia, Nassor, adabu usije ukaiacha kwenye uwanja wa ndege wa Maskati. Nikisikia umemvunjia adabu mtu mzima, radhi yangu huna."

Nilimwahidi. Na nyumbani kwetu adabu ilikuwa inajulikana ni kitu gani. Mkubwa hapaziwi sauti. Mkubwa haitwi kwa jina tupu, lazima liwe na Ami, au Sheikh, au Bwana mbele yake. Mkubwa ndiye anayetangulia mlangoni, na ndiye anayetia mkono kwanza kwenye sinia la wali. Haya nikayatia kwenye sanduku pamoja na kanzu mbili na mkebe wa halwa, nikayapeleka mpaka kwenye uwanja wa mpira. Huko ndiko yalikonitia balaani.

Klabuni alikuwapo mchezaji mmoja, Darrell, wa miaka thelathini na tatu wakati mimi nina ishirini na mbili, masharubu yameshaanza kuota mvi. Yeye ndiye aliyenifunza kazi. Alinifunza kufunga bendeji ya kifundo cha mguu: unaanza ndani kwenda nje, mguu umeukunja kama unavyosimama, si umeulegeza. Nyinyi mnaivuta mpaka vidole vinageuka buluu kisha mnaniambia mguu umekufa ganzi. Alinifunza kuanguka kwa ubavu na kujiviringisha, usitie mkono chini, maana mkono unaotiwa chini ndio unaovunjika. Alinifunza kwamba mpira ule hudakwa kwa vidole, mbele ya uso, si kwa kifua. Na alinifunza kuudundisha: ncha ya mbele ielekee chini kidogo, ndipo unaporudi mkononi. Mwaka ule nilipokuja likizo niliufanyia mazoezi hapa wadini, kwenye bonde kavu la changarawe. Dundo la tatu ukagonga jiwe, ukaruka ukaingia kwenye mkunazi, mwiba ukaupasua. Mkoa mzima wa Sharqiyah hapakuwa na mwingine. Nikaupeleka kwa fundi wa tairi, akaugeuzageuza, akaniuliza ni tumbo la mnyama gani.

Nilimwita Mista Darrell msimu mzima. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kinakufa kwa kucheka. Aliniomba mara mia nimwite Darrell. Nikawa namwambia ndiyo, Mista Darrell.

Basi siku moja mpira ulipigwa juu sana, ukawa unashuka baina yangu mimi na yeye, na hapana adui karibu. Katika kazi ile, mnapokuwa wawili, anayeutaka anapiga kelele "Wangu!", na mwengine anajitoa amlinde. Mimi nilikuwa karibu zaidi. Lakini yeye ni mkubwa. Nikarudi nyuma hatua moja nimwachie. Yeye, kwa kuwa niko karibu zaidi, akarudi nyuma hatua moja aniachie. Nyinyi mmeshawaona wazee wawili mlangoni mwa majlisi, tafadhal, la wallahi tafadhal weye, na nyuma yao watu kumi wamesimama juani. Ndivyo tulivyokuwa, mbele ya uwanja uliojaa watu. Mpira ukaanguka katikati yetu, ukadunda, ukaenda mwenyewe kwenye mikono ya mtu wa timu nyengine, naye akapiga pointi sita.

Darrell hakunigombeza. Aliniuliza tu kama ni kiziwi.

Hilo lilichekesha. La pili halikuchekesha, na sipendi kulieleza, lakini bila ya hilo hamtafahamu kwa nini kila Ijumaa nakufokeeni. Ilikuwa wiki chache baadaye. Darrell ameinama kuokota mpira chini, kichwa kiko chini, haoni kitu. Mimi niko nyuma yake hatua kumi, na nikamwona jitu moja la upande wa pili linamjia ubavuni kwa mbio. Kazi yangu pale ilikuwa neno moja. Jina lake tu, angegeuza bega. Nikafungua mdomo. Wallahi, nilikuwa natafuta lakabu. Mista Darrell lilikuwa refu, Darrell tupu halitoki, na katikati ya hayo mawili nikasikia mfupa. Mtulinga ulivunjika, na bega likatoka pahala pake. Ulikuwa msimu wa mwisho wa mkataba wake, na hakucheza tena.

Nilikwenda hospitali nikasimama mlangoni. Alikuwa amefungwa mkono kifuani. Nikamwambia ukweli: nilimwona yule mtu, na nilinyamaza kwa ajili ya heshima. Nilitegemea atanifukuza.

"Heshima," akasema. "Nassor, ungeniita mbwa. Ungeniita mbwa ningegeuka."

Kisha, na huku mkono umefungwa, kila siku ya mazoezi alikuwa anakuja kusimama kwenye uzio kunisomesha kuita. Si kupiga kelele, kuita. Mnanisikia? Nyinyi saa nzima "Yalla! Yalla! Pasi! Yalla!", majirani wanafunga madirisha, na hapana hata mmoja aliyemwambia mwenziwe kitu cha kumfaa. Juzi mmoja wenu kaniambia, "Mwalimu, mimi si nilipiga kelele, mpira yangu ilichukuliwa." Umemwambia nani nini? Kuita ni jina kwanza, kisha jambo, na yote kabla jambo halijafika. "Salim, nyuma." "Hamed, mwache." Maneno mawili. Jina ndilo linalomgeuza mtu, kwa hivyo liwe tupu na liwe la mwanzo. Darrell alinifanya niite majina ya timu nzima, wazee kwa vijana, mpaka sauti ikawa inatoka tumboni yenyewe. Ilinichukua msimu mzima. Nikawa mtu wa kuita kuliko wote klabuni, na ndiyo maana waliniweka miaka yote ile, si kwa ajili ya magoli, maana magoli yangu yanahesabika kwa vidole na vidole vinabaki.

Lakini Ami Seif hakulijua hilo. Mwaka mmoja watoto wake walimwonyesha mechi yangu kwenye simu. Akanipigia.

"Yule mwenye upara unayemfokea, ni rika lako yule?"

"Rika langu, Ami."

Alikuwa amenizidi miaka kumi na mbili. Nilimdanganya mtu aliyenilea, nikaubeba uwongo huo mpaka nikastaafu, nikarudi Oman, nikapata kazi ya kusomesha mazoezi kwenye chuo kimoja Nizwa, na Ijumaa nikawa nakuja Ibra kupotezewa wakati na nyinyi. Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, kwamba siku moja atajua nilivyoilipa ile ahadi yangu.

Akajua. Miaka miwili iliyopita, wakati wa kuvuna tende, alikuwa na wageni shambani kwake Al Qabil. Watu wazima kutoka Aija, wamekuja kumposa mjukuu wake. Ami amevaa kilemba chake kizuri, amesimama nje na bakora, mgongo ameupa njia, anawahadithia wageni habari za skuli yake ya Unguja. Gari la maji, lile tangi kubwa la buluu, lilikuwa limekuja kujaza tangi la nyumba, na dereva akaanza kurudi nyuma bila ya kutazama. Mimi nilikuwa natoka majlisi na birika la kahawa.

Wanaume wanne walikuwa wamemkabili Ami. Wote wanne waliliona gari. Na wote wanne, nakuapieni, wakaanza kutafuta lakabu. "Sheikh Seif, law samaht..." akasema mmoja. "Ami, samahani kidogo..." akasema mwengine. Mmoja alinyanyua kidole kwa adabu kama mtoto wa skuli. Ami akawaashiria kwa mkono wangoje, hadithi bado haijesha.

Birika sijui nililiacha wapi.

"SEIF! NYUMA!"

Aligeuka papo hapo. Lakini gari lilikuwa limeshafika, na mimi nilikuwa nimeshaanza kukimbia, na mwili ukafanya ulichofundishwa: kiwiko ndani, bega kwenye bega, sukuma kwa nyonga. Ni pigo la halali kabisa, hata refa asingepuliza filimbi. Mzee wa miaka sabini na kitu akaruka, akaangukia ndani ya falaj, kwenye mfereji wa maji ya shamba, na kanzu yake na saa yake.

Dereva akafunga breki. Bakora ilikuwa chini ya tairi, vipande viwili. Kilemba kilikuwa kinaelea polepole kuelekea shamba la jirani. Ami akasimama, maji magotini, akawatazama watu mmoja mmoja.

"Nani kaniita?"

"Mimi, Ami."

Alikamua upindo wa kanzu. Kisha akatoka mferejini, akakataa mkono wangu, akaingia ndani bila ya neno. Mgeni mkubwa kutoka Aija akasema kijana wenu mashallah ana nguvu. Posa ilikubaliwa. Mimi sikukubaliwa.

Miezi mitano hakusema nami. Nikenda nyumbani kwake, "Shikamoo Ami," anajibu "Marahaba" huku anatazama ukuta, kisha anaondoka chumbani. Nilichukua halwa kutoka Nizwa mara tatu. Halwa ilipokewa, mimi nikaachwa barazani na mke wake. "Mwache, mwanangu," Bibi alikuwa akiniambia. "Analo moyoni." Watu wa mji nao wakawa na maoni. Kumwita mzee mkubwa kama yule kwa jina tupu, mbele ya wakwe! Hakuna aliyesema habari za tairi. Nilikasirika, sifichi. Mtu unaokoa roho unafanywa mhalifu. Lakini chini ya hasira nilikuwa na hofu, maana aliniambia waziwazi radhi itaondoka kwa jambo gani, na jambo lenyewe nilikuwa nimelifanya nyumbani kwake, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Kisha alasiri moja akanipigia simu mwenyewe. "Njoo shamba. Peke yako."

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa falaj, pale pale alipoangukia, na bakora mpya. Akanionyesha nikae.

"Ile ndiyo kazi waliyokufunza kule?"

"Ndiyo, Ami." Nikaona bora nimalize yote. "Na yule mwenye upara hakuwa rika langu. Alikuwa mkubwa wangu. Nilikudanganya."

"Nnajua. Mie si kipofu." Akachezea maji kwa ncha ya bakora. "Unajua mara ya mwisho mie kuitwa Seif ilikuwa lini? Seif tupu, bila ya Ami, bila ya Sheikh, bila ya Babu?"

Nikamwambia sijui.

"Siku aliyokufa baba yako. Yuko kitandani, kaniita nimpe maji. Tokea siku ile hapana aliye hai mwenye haki ya kuniita hivo. Wakubwa zangu wote wamekwenda." Akaipangusa bakora kwa upindo wa kanzu. "Na weye una sauti yake, Nassor. Ukizungumza, la. Ukipiga ukelele, ni yeye khasa. Nlipoisikia, nligeuka nimtazame yeye. Nikakuona weye, kisha nikaona maji."

Nilitia mkono kwenye maji, nikautoa.

"Watu wanasema nimekasirika. Wacha waseme. Nlikuwa kila nikikuona nnataka kulia, na mie si mtu wa kulia mbele ya watu." Akanigeukia. "Hebu niite tena."

"Siwezi, Ami."

"Niite."

Nikafungua mdomo. Miaka kumi na moja nimelipwa kuita watu, nimewaita wazee, nimewaita makocha, nimekufokeeni nyinyi kila Ijumaa mpaka koo linauma, na siku ya kuombwa nikakaa pale kama yule niliyesimama nyuma ya Darrell, natafuta lakabu. Ami akangoja. Kisha akaguna kwa ule ule udhia ninaokuonyesheni nyinyi.

"Makelele yote yale," akasema, "na mtu akikuomba, hutoi."

Akainuka, akaanza kwenda nyumbani polepole baina ya mitende. Nikamtazama mgongo. Alipofika mlangoni, mbali kiasi cha pigo moja zuri la mguu, nikasimama na nikavuta pumzi mpaka chini.

"SEIF!"

Njiwa wakaruka kutoka kwenye mitende. Ami hakugeuka. Alisimama pale pale, mkono kwenye mwimo wa mlango, akaitika kama anavyoitika mdogo akiitwa na kaka yake.

"Naam," akasema. "Naam, nakuja."